Mzee Tisa Tano, Aliyetafuta Uchafu Ndani ya Argoni

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mzee wetu: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Mimi ni mume wa binti yake mkubwa. Wengi mnanijua kwa jina la Fundi, kwa sababu kazi yangu ni kuchomelea vyuma, na hilo ndilo jina pekee ambalo marehemu aliniita tangu tulipofahamiana. Watoto wake wa kuwazaa wapo hapa, wasomi watupu, na yeyote kati yao angesoma wasifu huu vizuri kuliko mimi. Mama mkwe ndiye aliyekataa. Alisema, "Hao watampaka sukari. Baba yenu alichukia cheti cha uongo kuliko alivyochukia mwizi. Asome Fundi, maana ndiye aliyebishana naye mpaka mwisho." Kwa hiyo nasoma. Mkiona nimekwama, jueni ni machozi, herufi nazijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1947, mtoto wa tatu kati ya sita wa karani wa stesheni ya reli na mkewe aliyekuwa akiuza vitambaa. Shangazi yake, ambaye ametutangulia, alikuwa akisimulia kwamba tangu mdogo mtoto huyu hakuweza kupita penye kitu kichafu akakiacha. Siku moja mama yake alimpa maharage ayachambue, akayapeleka mlangoni penye mwanga, akayatandaza. Alitoa mawe. Akatoa yaliyotobolewa na wadudu. Kisha akaanza kutoa yale ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, "hayafanani na wenzake." Chakula cha mchana kililiwa jua likizama, na kilikuwa kidogo, lakini shangazi aliapa kwamba katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuvunjika jino.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955, akamaliza sekondari mwaka 1966, kisha akasoma kemia katika chuo cha ufundi hadi mwaka 1970. Huko chuoni aliulizwa kwenye mtihani wa mdomo, "Hewa ni nini?" Akajibu, "Inategemea imechotwa wapi." Mwalimu akadhani anamfanyia kiburi, akamtoa nje. Yeye akakaa kwenye ngazi hadi mwalimu alipomaliza na wengine wote, akamfuata, akamwambia, "Mwalimu, hewa ya humu ndani na hewa ya pale jikoni si moja, twende tukanuse." Wakaenda. Alifaulu, ingawa mwalimu aliomba asipangiwe tena zamu ya kumuuliza maswali.

Mwezi Februari 1971 aliajiriwa na kiwanda cha kujaza mitungi ya gesi, na hapo akakaa hadi alipostaafu mwaka 2007. Naomba nieleze kazi yake, maana wajukuu walikuwa wakiambiana kwamba babu anauza upepo. Ziko gesi zinaitwa argoni, heliamu, neoni na ndugu zao. Ni gesi za kujitenga: hazishikani na kitu, haziungui, hazitii kutu. Kwa sababu hiyo sisi wachomeleaji tunazimwaga juu ya chuma kinachoyeyuka ili hewa ya kawaida isikiguse. Lakini gesi hiyo ikiingiwa na oksijeni kidogo tu au unyevu kidogo tu, kazi inaharibika. Na ninaposema kidogo, sisemi kidogo cha sokoni. Nasema kama punje moja ya mchanga ndani ya magunia na magunia ya mchele. Kazi ya marehemu ilikuwa kuitafuta punje hiyo.

Alikuwa na chumba chake mwisho wa varanda, chenye mlango unaofungwa polepole na mashine mbili zilizopewa nafasi nzuri kuliko watu. Mashine ya kwanza ilikuwa na kalamu inayotembea juu ya karatasi. Gesi ikiwa safi, kalamu inakwenda moja kwa moja. Ikikutana na oksijeni au naitrojeni, inapanda kilima. Wafanyakazi wenzake wanasema ni mtu pekee waliyewahi kumwona akitabasamu mbele ya mstari ulionyooka. Mashine ya pili ilipima unyevu. Mtungi uliofaulu ulibandikwa karatasi yenye saini yake na maneno "asilimia tisini na tisa nukta tisa tisa tisa." Ukizihesabu, ni tisa tano, na ndipo lilipotoka jina la Mzee Tisa Tano. Aliitwa mzee akiwa na miaka ishirini na minane.

Alikuwa na kanuni moja ambayo ilitutesa wote. Kabla ya kupima, lazima uiache gesi ipite kwanza kwenye bomba, itoe hewa iliyolala humo. Ukipima mapema, unapima bomba, hupimi gesi. Sawa, hiyo ni kazi. Tatizo ni kwamba aliileta nyumbani. Alifungua maji yakamwagika weee, ndipo akakinga glasi. Na mgeni akija na jambo lake, marehemu alimwacha aongee bila kumsikiliza, kwa imani kwamba maneno ya mwanzo ya mgeni ni hewa ya kwenye bomba. Akishaona yamepita, ndipo anaegemea mbele na kusema, "Enhe. Sasa tuanze." Ndugu zangu, wako watu hapa walioeleza shida zao zote, wakamaliza, wakashusha pumzi, ndipo wakaambiwa "enhe."

Tarehe 12 Oktoba 1974 alifunga ndoa na mama mkwe wangu, aliyekuwa fundi cherehani na ndiye aliyewashonea wafanyakazi wa kiwanda makoti. Mama ameniruhusu niseme hili. Wakiwa wachumba mama alimuuliza, "Unanipenda?" Akajibu, "Kwa asilimia tisini na tisa nukta tisa tisa tisa." Mama akasema, "Na iliyobaki?" Akajibu, "Sijui. Mashine haifiki huko." Mama alirudi nyumbani amenuna wiki nzima, hadi rafiki yake aliyefanya kazi kiwandani alipomweleza kwamba yule bwana hajawahi kumpa mtu wala kitu alama ya juu kuliko hiyo. Walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu, maana mama atanishika nikiuruka.

Mwaka 1999 nilikuwa na karakana yangu ndogo, naunga matangi ya alumini ya kubebea maziwa. Argoni nilinunua kiwandani kwa marehemu. Asubuhi kazi ilitoka inang'aa. Mchana, mkono uleule, chuma kilekile, mshono unatoka mweusi, una vitundu kama mkate. Tangi likijazwa maji linalia machozi. Nikabeba mtungi, nikarudi nao. Mezani pa kupokea wateja alikaa binti mmoja mwenye sauti ya upole, ambaye sasa ndiye mama wa watoto wangu. Akampelekea baba yake malalamiko. Baba akatoka na koti lake jeupe, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Gesi hii niliipima mwenyewe," akasema. "Ni safi."

"Mzee, mshono unatoka mweusi."

"Basi mkono ndio mchafu."

Nilirudisha mtungi mwingine, akajibu hivyohivyo. Nikarudisha wa tatu. Wapo wanaosema kwamba baadhi ya mitungi niliyorudisha haikuwa na kosa lolote, na kwamba nilifuata meza ya kupokea wateja. Leo si siku ya kujibu hayo.

Mwaka uliofuata nilikwenda na mjomba wangu kuposa. Niliongea vizuri, jamani. Nilieleza nilikotoka, kazi yangu, nia yangu, nikatoa na mfano mmoja au miwili. Nilipomaliza, marehemu akaegemea mbele, akasema, "Enhe. Sasa tuanze." Posa yangu yote ilikuwa imepita kwenye bomba! Mjomba akaingilia kunisaidia, akapokewa na swali: "Huyu kijana akiharibu mshono anaisingizia gesi. Akiharibu ndoa, atasingizia nini?" Kisha marehemu akatoa sharti lake: kabla hajanipa binti, niombe radhi.

"Nikuombe radhi wewe, baba?"

"Mimi hujanikosea. Iombe radhi argoni."

Nikasema siombi ng'o. Binti akalia, mama akamfungia marehemu mlango wa jikoni, na mjomba njia nzima alinisema kwa kushindwa kuomba radhi kitu ambacho hata hakisikii. Lakini ningefanyaje? Ile gesi ilikuwa mbaya nami niliiona kwa macho yangu. Yule binti nilimtaka kwa roho yangu yote, na baba yake alikuwa ananitaka niseme uongo ili nimpate.

Marehemu hakuwa mtu wa kulala na neno. Siku chache baadaye alitokea karakanani asubuhi, na koti lake jeupe, amebeba mtungi mpya alioupima mwenyewe. Akaomba kigoda, akakaa. "Chomelea," akasema, "nakutazama mkono." Nikachomelea. Mshono ukang'aa kama sahani ya harusi, akatikisa kichwa kwa kuridhika na gesi yake. Nikaendelea. Akala chakula chake palepale kigodani. Baadaye, mshale wa geji uliposhuka karibu na mwisho, mshono ukaanza kuingia weusi. Akasimama. Akaja karibu, akavaa miwani ya giza. Nilichomelea kipande kingine, kikatoka kibaya zaidi.

Mimi nilitaka kusema, "Umeona?" Namshukuru Mungu nilifunga mdomo, kwa sababu uso wa mzee ulikuwa umebadilika. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Huwa unautumia mpaka wapi?"

"Mpaka unalia, baba. Sisi hatuna ubavu wa kurudisha gesi tuliyoilipia."

Akaufunga mtungi ule na mabaki yake, tukaubeba pamoja hadi chumba chake. Akaacha gesi ipite, kama kawaida yake. Akapima. Mashine ya unyevu ilipanda nikadhani imeharibika. Ndipo aliponieleza, na ninavyoelewa mimi ni hivi: ndani ya mtungi, ukutani, hubaki maji kidogo sana yaliyong'ang'ania chuma. Mtungi ukiwa umejaa, gesi ni nyingi, maji hayaonekani. Gesi ikipungua, maji yanaachia ukuta, na sehemu yao inakuwa kubwa. Yeye miaka yote alikuwa akipima mitungi iliyojaa. Mimi miaka yote nilikuwa nikilalamikia mwisho wa mtungi. Alisema kweli, nami nilisema kweli, na tulikaribia kukosa ndoa.

Mama aliposikia alisema nyani haoni, kisha akakumbuka kuna wageni akaishia hapo.

Marehemu hakungoja kesho. Aliingia kwa meneja na karatasi mkononi, akataka mitungi yote iwe inakaushwa kwa moto na kunyonywa hewa kabla ya kujazwa, na wateja wote waambiwe wasitumie gesi ya mwisho, kiwanda kiwafidie. Meneja akashika kichwa. "Kosa hili limeanza lini?" Marehemu akajibu, "Siku ya kwanza niliyoweka saini." Meneja akamsihi aseme tu kwamba ni mitungi mibovu michache, mambo yaishe. Akakataa. Alikatwa mshahara wa mwezi mzima na akanyimwa nafasi ya ukuu wa kitengo, aliyokuwa ameingoja muda mrefu. Hakulalamika. Alisema karatasi ile ilikuwa na saini yake na haikuwa na ya mtu mwingine.

Tulifunga ndoa tarehe 21 Aprili 2001. Nilidhani sasa mambo yamekwisha, mzee ameniamini. Wapi! Siku ya harusi yenyewe, nimevaa suti, alinivuta pembeni akaniambia, "Gesi kuwa mbaya haina maana kwamba fundi ni mzuri. Hayo ni mambo mawili." Na tangu siku hiyo kila nilichomfanyia alikikagua. Nilimtengenezea geti, akapitisha ukucha kwenye kila mshono. Nilimtengenezea tangi la maji, akaja na kikombe cha povu la sabuni na brashi ya kupakia rangi, akapaka viungio vyote, akainama kutazama kama kuna kipovu kinachovimba. Hapakuwa na kitu. Akasema, "Leo haijavuja." Kwenye bembea niliyowatengenezea wajukuu alikaa yeye kwanza, na umri ule, na mama akapiga kelele. Sitawaficha, iliniuma. Mimi baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Nilichotaka kwa mzee huyu ni kitu kimoja: siku moja apokee kazi ya mkono wangu bila kuikagua. Mke wangu alikuwa akiniambia, "Achana naye, hata mimi ananikagua kama nimefunga mlango." Sikuachana naye.

Mwaka 2023 mapafu yake yalianza kuchoka. Alitibiwa vizuri, na madaktari walipoona hospitali haina la kuongeza, alirudi nyumbani mwezi Januari mwaka huu na mtungi wa oksijeni kando ya kitanda. Hapo ndugu zangu tulicheka na kulia kwa pamoja. Mtu aliyeifukuza oksijeni maisha yake yote sasa anaipumua kwa mrija! Alipoletewa mtungi wa kwanza alitaka karatasi yake kabla hajavaa mrija. Akaisoma. "Asilimia tisini na tisa nukta tano. Na hiyo nusu ni nini?" Watoto wakapaza sauti pamoja, "Baba, pumua!" Akapumua kidogo, akafikiri, kisha akacheka hadi akakohoa. "Nusu hiyo nyingi yake itakuwa argoni," akasema. "Kule oksijeni ndiyo uchafu, hapa argoni ndiyo uchafu." Alifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa wa kwao ugenini, na tangu hapo hakusumbua tena kuvaa mrija.

Alifariki kitandani kwake Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na vijana aliowafundisha kiwandani ambao nawaona pale nyuma na makoti yao meupe. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliopika na waliolala nasi, na kiwanda kilicholeta gari.

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini mama amesema nisikae kabla sijasimulia ya Jumanne, siku mbili kabla hajafariki.

Jumanne mchana uliletwa mtungi mwingine, na ulipofungwa ukaanza kulia pale shingoni, fsss. Waliouleta walikuwa wamekwisha kuondoka. Mke wangu akanipigia simu, nikaja nilivyo, na ovaroli la kazi. Marehemu alikuwa anapumua kwa shida kwenye mtungi wa zamani uliokuwa ukingoni. Aliponiona tu akanyoosha kidole: "Mikono!" Nikaelewa. Grisi na oksijeni havikai chumba kimoja, vinaweza kuwaka. Nikanawa hadi viwiko, nikavua ovaroli nikalitoa nje, nikarudi na fulana. Nikafungua kiungio, nikakuta kipete cha ndani kimekaa upande. Nikakiweka sawa. Nikakaza. Fsss ikanyamaza.

Mke wangu akamhamishia mrija. Mama, kwa mazoea ya miaka yote, alikuwa amekwisha kusimama na kikombe na brashi. "Baba watoto," akasema, "nikuletee povu upime?"

Marehemu alikitazama kile kiungio. Kisha akanitazama mimi, kuanzia viatu kwenda juu, kama siku ile ya kwanza.

"La nini?" akasema. "Amefunga Fundi."

Akageuka ukutani, akavuta pumzi ndefu, akalala.

Nilibaki nimesimama na spana mkononi, machozi yananitoka mbele ya mama mkwe bila haya. Na alipokwisha kushikwa na usingizi, nilichukua kile kikombe kwa mama, nikapaka povu kiungio kizima, nikapiga magoti nikatazama kama kuna kipovu kinachovimba. Nikarudia mara ya pili. Mama akaguna, akasema, "Haya, Tisa Tano mwingine huyo."

Hakikuvuja. Mungu akulaze pema, baba yangu, upumzike kwa amani.